Lubumbashi: Kengele ndogo ya kuamsha nyumba maji yanapomwagika usiku

Mjini Lubumbashi, maji ya REGIDESO yakikatika mchana, ni rahisi kuacha robine wazi. Yanarudi usiku wa manane, watu wamelala. Robine inayotoa lita 10 kwa dakika inamwaga lita 2.400 kwa saa nne. Godoro la chini na gunia la unga vinaloa. Penye matofali mabichi, ukuta wenyewe unalainika kuanzia chini.

Kuna kifaa cha betri cha kuwekwa sakafuni, kando ya choo au chini ya sinki. Kina vyuma viwili vidogo: maji yakivigusa vyote, umeme unapita kati yao, kengele inalia. Kingine kinatuma ujumbe kwenye simu kwa intaneti. Lakini SNEL ikikata umeme, modemu inazimika na ujumbe hauendi. Na mwenye nyumba akiwa Kolwezi, nani atafunga vane? Lazima jirani awe na ufunguo. Kwa anayelala nyumbani, kile cha kulia tu kinatosha.

Hata hivyo, hakioni maji yanayovuja ardhini au ndani ya ukuta. Hapo tumia konteri, kama unayo: funga robine zote, usiguse maji kwa nusu saa, kisha tazama namba. Zikisogea, tuyo inavuja mahali fulani baada ya konteri, na maji hayo yataingia kwenye fakture yako.