Injini Iliyolala Tangu Desemba

Mvua ya masika ikianza kunyesha Misikhu, kila mwenye shamba huwaza mahindi. Nyasi hazimngoji mtu. Baada ya wiki mbili tu, uwanja wa kanisa, wa shule au wa boma lolote kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale unafika kwenye vifundo vya miguu. Hapo ndipo mashine ya kukata nyasi hutolewa stoo, kamba ikavutwa mpaka bega likauma, injini ikakohoa mara moja na kunyamaza. Fundi anaitwa, na mara nyingi anachokikuta ndani ni petroli ya Krismasi.

Injini ndogo huumizwa na kukaa kuliko kazi. Sehemu nyepesi za petroli, zile zinazoshika moto upesi, ndizo zinazotangulia kupotea hewani. Baada ya mwezi mmoja au miwili hubaki ile nzito, na katika kabureta huganda utando wa kahawia unaonata. Jeti inayopitisha petroli ina tundu lisilofika hata milimita moja, kwa hiyo utando kidogo tu unatosha kuiziba. Ukiwa umenunua petroli ya chupa kando ya njia, ongeza na uwezekano kwamba ilichanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji huo ulizidi hadi mwaka 2018 serikali ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili usiwe na faida. Nunua kituoni, kidogo kidogo.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa kofia ya plagi. Kisu kikizungushwa kwa mkono huzungusha injini pia, na injini ambayo kofia hiyo haijachomolewa inaweza kuwaka vidole vikiwa pale chini. Kisha mwaga petroli yote ya zamani, fungua bolti iliyo chini ya kikombe cha kabureta, safisha kikombe, na zibua jeti kwa uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme. Najua mafundi wa bodaboda hutumia uzi wa kebo ya klachi. Huo ni wa chuma, na jeti ni ya shaba ya njano. Chuma hukwangua tundu, na tangu siku hiyo injini hunywa petroli kupita kiasi.

Vumbi huishia kwenye chujio la hewa. La sponji lioshe kwa sabuni, likaushe kabisa, kisha lipake matone ya oili na ulikamue. La karatasi ligonge taratibu kwenye kiganja. Usilipeleke kupulizwa kwa pampu ya kujazia matairi, kwani upepo ule huipasua karatasi na vumbi likapata njia hadi kwenye silinda. Oili ya injini za mipigo minne hubadilishwa kila baada ya saa 50 za kazi au mwanzo wa msimu, injini ikiwa vuguvugu. Nyingi huchukua kama nusu lita ya SAE 30, ila kijitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Zile za kubeba begani, za mipigo miwili, hazina oili ya kumwaga: oili yake huchanganywa na petroli, mara nyingi mililita 100 kwa lita 5.

Kisu ndicho kinachostahili muda wako mwingi. Unapoilaza mashine, kabureta iwe juu, la sivyo oili itaingia kwenye chujio. Noa kwa tupa ukifuata mteremko ule ule wa kiwandani, kisha kitundike kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ni mzito, utie tupa tena. Huu si urembo. Kisu cha sentimita 46 kinachozunguka mara 3000 kwa dakika, ncha yake hukimbia takriban kilomita 260 kwa saa, na tofauti ya gramu chache hutosha kutikisa mashine mpaka bolti zilegee. Kwa sababu hiyo hiyo, kisu chenye ufa hakichomelewi, hata fundi wa jua kali akikuahidi kazi safi. Kiungo cha kuchomelea kikikatika kwa kasi hiyo, kipande hutoka kama risasi. Nunua kingine.

Plagi iwe na mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi yanasema chujio limeziba au petroli inaingia nyingi.

Siku ya kukata, zunguka uwanja kwanza uokote mawe, waya na magunzi, na ukate theluthi moja tu ya urefu wa nyasi kwa siku, hata zikiwa zimekuzidi.

Ikiwa cheche ipo, petroli mpya inafika, na bado injini inakataa au inakunyang'anya kamba mkononi, kumbuka kama mwaka jana kisu kiligonga kisiki. Kishindo hicho hukata kipande kidogo cha chuma laini kinachoshikanisha gurudumu zito la injini na shafti, na cheche ikaanza kutokea wakati usio wake. Mwambie fundi akiangalie hicho kabla hajakuuzia kabureta mpya.