Leseni za programu huria: uliza kabla ya kutoa mtaji

MFANYABIASHARA wa mpunga au dengu wilayani Misungwi anayetaka kulipia mfumo wa mauzo wa mtandaoni, au kununua hisa katika kampuni inayoutengeneza, hana budi kuuliza leseni kabla ya kuuliza bei.

Mfumo wa namna hiyo hauandikwi wote upya. Fundi huchukua sehemu zilizokwisha kuandikwa na wengine na kutolewa bila malipo chini ya leseni huria. Hata hivyo, kukosa bei si kukosa masharti: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia.

Leseni hizo ni za aina mbalimbali. MIT, BSD na Apache huruhusu kuchanganya na kuuza bila kutoa msimbo, yaani maandishi ya fundi yanayoendesha programu, mradi tangazo la hakimiliki libaki. GPL hudai kwamba anayekabidhiwa nakala ya programu apewe na msimbo wake. Programu inayobaki kwenye seva haijakabidhiwa kwa mtu. Sehemu inayoshushwa kwenye simu ya mteja imekabidhiwa. AGPL, ambayo toleo lake la 3 lilitoka 2007, iliziba mwanya wa seva: aliyeirekebisha programu lazima awape msimbo wanaoitumia kwa mtandao.

Je, sharti hilo hufika hadi wapi? Kwa msimamo wa Free Software Foundation, watunzi wa GPL, sehemu zilizofungamanishwa ndani ya programu moja huhesabiwa kitu kimoja. Programu zinazopelekeana taarifa tu, kila moja ikijitegemea, kwa kawaida hubaki mbalimbali.

Mfano upo katika sekta ya afya nchini. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, inayokusanya takwimu za vituo vya afya, ina leseni ya BSD. OpenLMIS, ambayo juu yake ulijengwa mfumo wa kuagizia dawa wa eLMIS, ina AGPL. Kampuni inayouza programu ya ripoti inayosoma takwimu za mifumo hiyo kutoka nje inaweza kubaki na msimbo wake. Ikiipachika kazi hiyo ndani ya OpenLMIS, watumiaji wana haki ya kuupata.

Mwekezaji aliyethamini kampuni kwa siri ya msimbo wake anaweza kukuta siri hiyo haipo. Kitakachobaki ni huduma na wateja. Hivyo, kabla ya kutia saini, adai orodha ya sehemu zote na leseni zake, mchoro wa jinsi zinavyounganishwa, na kifungu cha mkataba kinachombebesha muuzaji dhamana.