Pigo dogo la kichwa laweza kulegeza kinga ya ubongo

MCHEZAJI wa raga anapogongwa kichwani, akayumba kidogo kisha akarejea mchezoni, mashabiki humshangilia kwa ushujaa wake. Hata hivyo, wataalamu wa ubongo wanaonya kwamba kutozirai si thibitisho kuwa hakudhurika.

Mishipa midogo ya damu iliyo ubongoni haifanani na ya viungo vingine. Seli za kuta zake zimeshikamana barabara, na kwa nje zimezungukwa na seli nyingine zinazozitegemeza. Kuta hizo huruhusu oksijeni na sukari kupita, lakini huzuia sumu nyingi, viini vya maradhi na protini zilizomo damuni.

Dalili za kuwepo kwa kizuizi hicho zilionekana mnamo 1885, mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich alipobaini kuwa rangi aliyowadunga wanyama ilienea katika viungo vyote isipokuwa ubongo.

Kichwa kinapotikiswa ghafla, ubongo husukwasukwa ndani ya fuvu na mishipa hiyo huvutwa, hata viungio vya seli zake vikalegea. Protini za damu hupenya na kuzua uvimbe, nazo za ubongo huvuja na kuingia katika damu. Uvujaji huo ni mdogo mno, na mara nyingi picha ya CT hospitalini haionyeshi kasoro yoyote.

Watafiti nchini Marekani walichunguza wachezaji 67 wa vyuo wa kandanda ya Kimarekani. Katika matokeo yaliyochapishwa 2013, protini iitwayo S100B iliongezeka katika damu ya waliogongwa mara nyingi zaidi, ingawa hakuna aliyetambuliwa kupata mtikisiko wa ubongo. Hata hivyo, protini hiyo hutoka pia katika mafuta ya mwili, hivyo kipimo hicho pekee hakitoshi kuthibitisha madhara.

Kwa sababu hiyo, mchezaji anayeshukiwa kutikisika ubongo hupaswa kutolewa uwanjani na asirejee siku hiyo, kwani pigo la pili huukuta ubongo haujapona. Vivyo hivyo kwa abiria wa bodaboda aliyeanguka: maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika mara kwa mara, au akisinzia kupita kawaida, apelekwe hospitalini bila kukawia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.