MTOTO MCHANGA NDANI YA GARI

Mama anapotoka hospitali na mtoto mchanga, mara nyingi hupanda gari. Wengi wetu humpakata mtoto tu. Tunadhani mikono ya mama inatosha. Je, ni kweli?

Si kweli. Gari likigonga kitu, husimama ghafla. Mtoto hasimami. Yeye huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Kama gari lilikwenda kilometa 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huvuta kama mzigo wa kilo 200 au zaidi. Hayo ni magunia mawili ya mahindi! Hakuna mikono iwezayo kuyazuia.

Kinga yake ni kiti cha mtoto.

KUCHAGUA KITI

1. Soma maandishi ya kiti. Yanaeleza uzito au urefu wa mtoto anayefaa. Uzito wa mtoto wako utauona kwenye kadi ya kliniki.

2. Viti vingi ni vya mitumba. Kikague. Kisiwe na ufa, mkanda uliochanika, wala kifungo kisichoshika.

3. Muulize mwuzaji: kiti hiki kiliwahi kupata ajali? Kama kiliwahi, au hajui, usikinunue.

KUKIFUNGA

1. Kifunge kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kamwe usikiweke mbele penye mfuko wa hewa. Mfuko huo hufumuka kwa nguvu na unaweza kumuua mtoto.

2. Mtoto mchanga atazame nyuma ya gari. Kichwa chake ni kizito na shingo yake bado ni laini. Akitazama nyuma, kiti hukinga kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja.

3. Pitisha mkanda wa gari palipo na alama. Ukaze. Kisha kitikise kiti. Kisisogee zaidi ya sentimeta 2.

4. Mvue mtoto blanketi. Mikanda yake itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Ikaze, ilale vizuri mwilini bila kulegea. Halafu mfunike kwa khanga juu ya mikanda.

5. Mtoto alale chali kidogo. Kichwa kikiinamia kifuani, anaweza kushindwa kupumua.

KAMA HAKUNA KITI

Kaa nyuma, ujifunge mkanda wewe mwenyewe. Usiupitishe mkanda huo juu ya mtoto, maana gari likigonga utamkandamiza kwa uzito wako. Mwambie dereva aende polepole. Usione haya: ni haki yako. Hatari itapungua, lakini haitakwisha. Wala usipande na mtoto nyuma ya pikapu.

Ndugu msomaji, mtoto hukua upesi, kiti hubaki. Kiti kizima chaweza kuwafaa watoto kadhaa wa ukoo mmoja, kwa zamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Kwa nini mikono ya mama haitoshi?
2. Mtoto mchanga atazame wapi? Kwa nini?
3. Katika ukoo wenu, mnaweza kuchanga mkanunua kiti kimoja?