Neno ni moja, maana ni tano: 'Mshipa' mbele ya daktari

Kaka yangu mkubwa alikaa nasi hapa Spring Valley kwa miezi miwili baada ya kuwekewa betri ya moyo. Wiki ya tatu mkono wake wa kushoto ukaanza kuvimba. Akapigia simu hospitali alikotibiwa, akasema kwa Kiswahili chake cha Pwani: "Binti yangu, mshipa unanisumbua." Akaulizwa kama kuna uvimbe. Akajibu upo, tena unaongezeka. Basi akapangiwa kumwona daktari wa ngiri, wiki mbili baadaye!

Nilicheka aliponisimulia. Kicheko kilinikauka nilipouona mkono wenyewe: mzito, rangi imegeuka, na begani mishipa imetutumka kama mizizi. Jioni hiyohiyo tulirudi hospitalini. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa zilimopita nyaya za ile betri.

Je, yule binti alikosea? Kikamusi, hapana. Mshipa ni njia ya damu itokayo moyoni, ambayo shuleni tunaiita ateri. Ni njia ya damu irudiyo moyoni, yaani vena. Ni neva, ipelekayo hisia na amri za ubongo. Wengi wetu huliita hivyo hata kano, lile linaloshikiza msuli kwenye mfupa. Na kwa wazee wengi, hasa wa Pwani, kuumwa mshipa ni kuumwa ngiri. Sijataja mshipa wa aibu, ambao wanasiasa wetu husemekana wameukata zamani!

Wapo watakaodai ati huu ni ushahidi wa umaskini wa Kiswahili. Sikubaliani nao. Neno la Kilatini lililozaa 'neva' hapo kale lilimaanisha kano. Wagiriki wa kale nao waliamini kwamba ateri hupitisha hewa. Kila lugha ilianza kuutaja mwili kwa kile jicho lilichokiona, ikatenganisha maana kadiri elimu ilivyopanuka. Swali ni kama sisi tunatenganisha pale inapobidi.

Katika betri ya moyo, inabidi. Kifaa hiki hufuatilia mapigo na kuuchochea moyo unapozubaa. Arne Larsson, mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa cha aina hii mjini Stockholm tarehe 8 Oktoba 1958, alipasuliwa kifua. Baadaye madaktari walipata njia nyepesi zaidi. Siku hizi kifaa hufichwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto, na nyaya zake hupenyezwa kwenye vena hadi upande wa kulia wa moyo. Huchaguliwa vena, si ateri, kwa kuwa ndiyo iendayo upande huo, na msukumo wa damu ndani yake ni mdogo.

Lakini waya ni mgeni asiyeondoka. Husugua ukuta wa vena, damu ikaweza kuganda, kovu likajengeka, njia ikawa nyembamba au ikazibika kabisa. Wagonjwa wengi hawahisi lolote, kwa sababu damu hutafuta vichochoro. Ni kama Waiyaki Way inapofungana: magari hukatia Peponi Road na Lower Kabete Road, na kila mtu hufika, japo kwa kuchelewa. Tatizo hujitokeza miaka mingi baadaye, waya mpya unapohitajika na njia haipo.

Wengine huonyesha dalili mapema: mkono kuvimba, kuuma, kuwa mzito au kubadilika rangi, na vena kutokeza begani na kifuani. Uso na shingo vikivimba, huenda vena kuu inayoingia moyoni imebanwa. Homa, au wekundu na usaha penye kidonda, ni dalili ya maambukizi, na waya waweza kuyafikisha moyoni. Hayo yote si ya kungojea miadi. Tiba zipo: dawa za kuzuia damu kuganda, kupanua njia kwa kiputo maalumu, au kuziondoa nyaya, kazi ya mabingwa. Kuna hata vifaa visivyo na waya, vidogo kama kidonge kikubwa, ambavyo hupitishiwa vena ya kinenani na kutuliwa ndani ya moyo. Marekani iliidhinisha cha kwanza mwaka 2016.

Kaka yangu hakuyajua haya. Fomu aliyotia sahihi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kadhaa. Mbona? Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa. Sahihi ya mtu asiyeelewa ni wino tu.

Sisemi tulitupe neno mshipa. Nasema tulipe kivumishi. Fomu ziandike 'mshipa unaorudisha damu moyoni (vena)', ili mzee na mwanafunzi wote waelewe. Wahudumu wafunzwe kuuliza swali fupi kabla ya kuandika chochote: "Mshipa upi, mzee? Nionyeshe au niambie uko wapi." Nawe msomaji uliye na betri, au mzazi wako anayo, usiseme tu mshipa unauma. Taja mkono, taja uvimbe, na anza na neno betri.

Mkono wa kaka ulipona baada ya dawa. Aliporudi kliniki alifunua bega na kuonyesha kwa kidole. "Mshipa wa damu, daktari," akasema. "Huu hapa. Ile ngiri sina."