Picha za Barabarani: Mama, Usipite Tu

Akina mama wenzangu, wengi wetu hapa Kemondo huvuka mpaka wa Mutukula kwenda Kampala, na wengine hufika hadi Nairobi kufanya biashara au kuwaona watoto. Huko tunakuta kuta na matatu zilizojaa picha za rangi kali. Wapo wanaosema, "Huo ni uhuni," kisha wakageuza uso. Lakini si kila aliyeshika rangi ni mhuni.

Nyuso juu ya mabati

Chukua mfano wa Kibera, Nairobi. Mwaka 2009, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, msanii wa Ufaransa anayeitwa JR alipiga picha za akina mama wa mtaa huo. Zilichapwa kubwa sana, zikatandazwa juu ya mapaa, jumla ya mita za mraba 2,000 hivi. Macho yao yalibandikwa pia ubavuni mwa treni, na sehemu ya chini ya nyuso ikawekwa kwenye mabati kando ya reli. Treni ilipopita, nyuso zilikamilika kwa muda mfupi.

Kama mwuguzi, jambo moja limenigusa zaidi. Picha za mapaani zilichapwa kwenye turubai la plastiki lisilopitisha maji. Mama mwenye mtoto mgonjwa wa kifua anajua taabu ya paa linalovuja. Picha iliyompa heshima ilimkinga pia na mvua.

Tazama kwa maswali

Ukiwa safarini, jiulize: Ni nani aliyechorwa? Wakazi wanapata faida gani? Mwenye ukuta aliridhia? Mwulize mwenyeji akueleze maana yake. Mwaka 2020, wakati wa korona, vijana wa Nairobi walichora kutani mafunzo ya kunawa mikono. Hata asiyejua kusoma aliweza kuyaelewa. Picha ya matusi, au iliyochorwa kwa kuharibu mali ya mtu, una haki ya kuikataa.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mwanamke anayechagua kanga kwa kupima maneno yake anaweza pia kuusoma ukuta.

Na ukirudi nyumbani ukamkuta mwanao anachora ukutani kwa mkaa, mkanye asichafue nyumba ya jirani. Kisha mtafutie karatasi na penseli, umwulize amechora nini.