Anand apigwa na bilionea, kumbe bao la mkono

KUNA ushindi mwingine unajishtaki wenyewe. Juni 13, 2021, bingwa wa zamani wa dunia wa mchezo wa chesi, Viswanathan Anand wa India, alisalimu amri mbele ya mfanyabiashara. Mashabiki wakabaki wanajiuliza: huyu jamaa katokea wapi?

Anand si wa kubahatisha. Ametwaa ubingwa wa dunia mara tano, mwaka 2000, 2007, 2008, 2010 na 2012. Kumfunga huyu ni kama timu ya mtaani kuichapa Real Madrid, tena bila penalti.

Ni kweli, haikuwa mechi ya ubingwa. Lilikuwa bonanza la hisani mtandaoni, kuchangisha fedha za kuwasaidia walioumizwa na janga la Uviko-19. Anand peke yake alikuwa anacheza na mastaa kadhaa kwa mpigo, akiwemo mwigizaji Aamir Khan na nyota wa kriketi Yuzvendra Chahal, ambaye utotoni aliiwakilisha India kwenye chesi.

Wote hao walikaa. Aliyepeta ni Nikhil Kamath, bilionea kijana, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Zerodha inayohusika na biashara ya hisa.

Shida ikaanzia hapo. Chesi ya mtandaoni haina kificho, kila kete inayosogezwa inabaki kwenye kumbukumbu na inaweza kupimwa na kompyuta. Za Kamath zilikuwa safi mno kwa mtu wa kujifurahisha. Mtandao wa Chess.com ukaifungia akaunti yake.

Kesho yake jamaa akafunguka. Alikiri alisaidiwa na watu waliokuwa wanachambua mchezo pamoja na kompyuta, akaomba radhi. Alisema ni kichekesho watu kuamini kamshinda Anand kweli, ni sawa na yeye kuamka asubuhi na kumpita Usain Bolt kwenye mita 100.

Msaada huo si mdogo. Tangu mwaka 1997, kompyuta ya Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov aliyekuwa bingwa wa dunia, mashine zimezidi kunoa makali. Leo programu ya kwenye simu inamlaza bingwa yeyote. Na kwenye mechi ya kirafiki hakuna VAR wala kamishna, kinachobaki ni uaminifu tu.

Anand hakupiga kelele. Alisema yeye alicheza kilichokuwa ubaoni, akategemea wengine nao wafanye hivyo. Hakutaka kulikuza, na baadaye akaunti ya Kamath ikafunguliwa.

Ila hesabu haifichiki. Aamir Khan alifungwa, lakini anaweza kuwasimulia wajukuu kwamba alikaa ubao mmoja na Anand, akapambana kwa akili yake. Kamath alishinda, na hana cha kusimulia.